Pai ni nini hasa? Mbona 22/7 ni sehemu, halafu tunaambiwa pai haiandikiki kama sehemu

MsomiWaJioni aliuliza:

Wanajukwaa, habari zenu. Naomba kueleweshwa kwa lugha nyepesi. Nimerudi kusoma hesabu nikiwa mtu mzima, najiandaa na mtihani, na jioni nikitoka kazini ndipo nafungua vitabu.

Kanuni ninazo. Mzingo wa duara ni 2πr, eneo ni πr². Nikipewa nusu kipenyo napiga hesabu na jibu linatoka. Kinachonisumbua ni hiyo π yenyewe, maana sijui ninazidisha kwa kitu gani. Kitabu ninachotumia kinasema ukurasa mmoja "tumia π = 22/7", kisha kurasa chache mbele kinasema pai ni namba isiyoweza kuandikwa kama sehemu. Sasa 22/7 si sehemu hiyo? Nilimuuliza anayenifundisha, akasema hilo haliulizwi kwenye mtihani, nikariri tu. Kukariri nisichokielewa kunanishinda.

Naomba kujua pai imetoka wapi, kwa nini ni ileile kwa kila duara, na hizo tarakimu zake mtu amejuaje kwamba haziishi wakati hakuna aliyefika mwisho.

HesabuChapchap alijibu:

Ndugu, pai ni 3.14. Kwenye kikokotoo bonyeza kitufe chake, andika jibu, songa mbele. Hayo mengine ni ya watu wa chuo kikuu.

ChakiNaRula alijibu:

MsomiWaJioni, karibu sana, na hongera kwa kurudi kwenye vitabu. HesabuChapchap, nakuheshimu, ila swali hili halihitaji chuo kikuu. Nimelifundisha kwa watoto wa darasa la sita wakalielewa vizuri, na nimestaafu ualimu nikiamini kwamba hakuna mada inayoharibiwa na kukariri kama hii ya duara.

Anza kwa mkono kabla ya kalamu. Tafuta kitu cha mviringo, kifuniko au gurudumu, chochote. Zungushia uzi ukingoni mpaka ukutane na ncha yake, ukate hapo. Huo ndio mzingo. Sasa kata uzi wa pili wenye urefu sawa na upana wa kitu hicho, ukipima kwa kupita katikati kabisa. Huo ndio kipenyo. Nyoosha uzi mrefu mezani, kisha lazia ule mfupi juu yake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kitabaki kipande. Kipime: ni karibu sehemu moja ya saba ya kipenyo, pungufu kidogo sana. Chukua kitu kikubwa zaidi, au kidogo zaidi, urudie. Utapata tatu na kipande kilekile.

Pai ndiyo hiyo. Ni mara ngapi kipenyo kinaingia kwenye mzingo. Ukiandika mzingo = π × kipenyo, umeandika kwa alama kile ambacho uzi umekuonyesha. Na kwa kuwa kipenyo kimoja ni nusu kipenyo mbili, ndiyo unaona 2πr.

Kwa nini ni ileile kwa kila duara? Hapa ndipo ningependa ukae kidogo. Mistatili ina maumbo mengi: mmoja mrefu mwembamba, mwingine mnene mfupi, na ukiniambia urefu peke yake siwezi kuuchora. Pembetatu vivyo hivyo. Duara lina umbo moja tu. Ukiniambia nusu kipenyo umeniambia yote. Kwa hiyo duara kubwa ni duara dogo lililokuzwa, na ukikuza picha mara tano, kila urefu ndani yake unakua mara tano: kipenyo mara tano, mzingo mara tano. Ukigawanya kimoja kwa kingine, ile tano inajifuta, na uwiano unabaki palepale.

Mraba nao uko hivyo. Gawanya mzingo wa mraba kwa upande wake, utapata 4, uwe mraba wa kiwanja au wa kisanduku cha kiberiti. Hakuna anayeshangaa. Lakini gawanya mzingo huohuo kwa mstari unaounganisha pembe mbili zinazotazamana, utapata 2.828427... na tarakimu haziishi wala hazijirudii. Nakutajia hili kwa sababu watu wengi wanadhani namba zisizoisha ni uchawi wa duara peke yake. Hata mraba, umbo la kawaida kabisa, unazo.

Sasa, uzi hauwezi kutupa pai kwa usahihi mkubwa. Uzi unavutika, kalamu ina unene, jicho linakosea. Inabidi kufikiri. Chora duara, kisha ndani yake chora umbo la pembe sita zilizo sawa, kila pembe ikigusa duara. Ukiunganisha pembe hizo na kitovu utapata pembetatu sita, na kila pembetatu ina pande tatu zilizo sawa. Kwa hiyo kila upande wa umbo lile ni sawa na nusu kipenyo. Pande sita ni nusu kipenyo sita, yaani vipenyo vitatu kamili. Umbo hilo liko ndani ya duara na linakata kona, kwa hiyo njia yake ni fupi kuliko mzingo. Tayari umethibitisha, bila uzi, kwamba pai ni zaidi ya 3. Kisha chora mraba unaolizunguka duara kwa nje, kila upande ukiligusa. Mzingo wa mraba huo ni vipenyo vinne, nao uko nje. Pai ni chini ya 4.

Archimedes wa Syracuse, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliifuata njia hii kwa subira ninayoistahi mpaka leo. Aliongeza pembe mara dufu: 6, 12, 24, 48, 96. Kwa ndani, mzingo wa umbo ukigawanywa kwa kipenyo unakwenda hivi: 3, kisha 3.1058, 3.1326, 3.1394, na kwenye pembe 96 ni 3.1410. Kwa nje unashuka hadi 3.1427. Pai imebanwa katikati. Yeye hakuwa na desimali, hakuwa na kikokotoo. Kila hatua ilihitaji vipeuo vya pili, akavipata kwa sehemu tupu. Kipeuo cha pili cha 3, kwa mfano, alikibana kati ya 265/153 na 1351/780. Mwishoni akatoa tamko lake: pai ni zaidi ya 223/71 na ni chini ya 22/7.

Soma tena mwisho wa sentensi hiyo. 22/7 iliingia kwenye hesabu za duara kama mpaka wa juu. Archimedes mwenyewe alisema pai ni ndogo kuliko hapo. Kitabu chako kinapoandika π = 22/7, alama ya usawa imetumika kwa ukarimu; ilitakiwa alama ya "karibu sawa na", ile yenye mawimbi mawili.

MsomiWaJioni alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Nimefanya ya uzi kwenye gurudumu la baiskeli na kwenye kikombe, na kweli kipande ni kilekile. Hiyo ya pembe sita nimeichora usiku nikakaa naitazama. Ahsante sana.

Bado lile la tarakimu. Nimeelewa 22/7 ni kubwa kidogo kuliko pai. Lakini huenda kuna sehemu nyingine, yenye namba kubwa kubwa juu na chini, ambayo ni pai kamili, ila haijapatikana. Wamejuaje kwamba haipo?

ChakiNaRula alijibu:

Marahaba. Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na linajibiwa kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza. Gawanya 22 kwa 7 kwa mkono, usitumie mashine. Unapata 3, baki 1. Ongeza sifuri: 10 kwa 7 ni 1, baki 3. Kisha 30 kwa 7 ni 4, baki 2. Kisha 20: jibu 2, baki 6. Kisha 60: jibu 8, baki 4. Kisha 40: jibu 5, baki 5. Kisha 50: jibu 7, baki 1. Simama hapo. Baki 1 tulishaipata mwanzoni kabisa. Kuanzia sasa kila kitu kitajirudia: 3.142857142857142857 bila kukoma.

Ilikuwa lazima. Unapogawanya kwa 7, baki inaweza kuwa 1, 2, 3, 4, 5 au 6 tu (ikiwa sifuri hesabu imeisha). Ukizimaliza zote sita, ya saba itakuwa mojawapo ya zilizopita, na mduara unaanza upya. Ukigawanya kwa 113, baki zinazowezekana ni 112. Zinaweza kuchelewa, lakini zitajirudia. Kwa hiyo kila sehemu, iwe na namba kubwa kiasi gani, ina desimali inayoisha au inayojirudia. Kinyume chake, namba isiyoandikika kama sehemu haina njia ya kuisha wala kujirudia. Umeona? Hakuna haja ya kufika mwisho wa tarakimu. Kinachotakiwa ni kuthibitisha kwamba pai haiandikiki kama sehemu, na suala la tarakimu linajimaliza lenyewe.

Hatua ya pili ni uthibitisho huo, na mwenye nao ni Johann Heinrich Lambert, mwaka 1761. Hesabu yake yote ni ndefu, ila mfupa wake unashikika. Pembe tunaweza kuipima kwa digrii, na tunaweza kuipima kwa urefu wa tao lake kwenye duara lenye nusu kipenyo 1. Kwa kipimo hicho cha pili, mzunguko mzima ni 2π, nusu ni π, na digrii 45 ni π/4. Lambert alithibitisha jambo moja kuhusu tanjenti (kwenye pembetatu yenye pembe mraba, ni upande unaotazamana na pembe yako ukigawanywa kwa upande mfupi ulio kando yake): ukiiweka namba yoyote inayoandikika kama sehemu, mbali na sifuri, tanjenti yake haitaandikika kama sehemu. Sasa tanjenti ya digrii 45 ni ngapi? Ni 1, kwa sababu kwenye pembetatu mraba yenye pembe ya digrii 45 pande hizo mbili ni sawa. Na 1 ni sehemu, ni 1/1. Basi π/4 haiwezi kuwa sehemu, maana ingekuwa sehemu tanjenti yake isingekubali kuwa 1. Na ikiwa π/4 si sehemu, π nayo si sehemu.

Niliposoma hoja hii mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatembea. Mtu amekaa na karatasi, ameifungia mlango kila sehemu iliyowahi kufikiriwa na itakayokuja kufikiriwa, kwa hoja moja.

Mwaka 1882 Ferdinand von Lindemann alikwenda mbali zaidi: pai haiwezi hata kuwa jibu la mlinganyo wa aina ya x² − 2 = 0, au wenye vipeo vikubwa zaidi, ilimradi namba zake ni namba kamili. Hapo likafa swali la kale la kuchora, kwa rula na bikari tu, mraba wenye eneo sawa na la duara. Haiwezekani, na sasa sababu inajulikana.

MkunjaBamba alijibu:

Mwalimu, naomba niongeze la karakana. Kazi yangu ni kukunja mabamba ya chuma kuwa mabomba makubwa na matangi, na pai naitumia kila siku.

Tuseme mteja anataka bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 600, bamba lina unene wa milimita 6. Kijana mgeni kazini anazidisha 600 kwa pai, anakata 1885. Akikunja, bomba linatoka kubwa kuliko lilivyotakiwa. Chuma kikikunjwa, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa, na mstari usiobadilika urefu uko katikati ya unene. Kwa hiyo kipenyo cha kuzidisha ni 600 toa 6, yaani 594. Ukizidisha kwa pai unapata 1866.1. Tofauti na yule kijana ni karibu milimita 19, na ukiitazama vizuri ni unene wa bamba mara pai.

Kuhusu 22/7 na 3.14, nimezilinganisha kwenye kazi hiyohiyo. Ukitumia 22/7 unapata 1866.86, umezidi kwa robo tatu ya milimita. Ukitumia 3.14 unapata 1865.16, umepungua karibu milimita moja. Watu wanaiona 3.14 kuwa ya kisomi zaidi kwa kuwa ina nukta, lakini 22/7 ndiyo iliyo karibu zaidi na pai. Na kwenye chuma bora kuzidi: kilichozidi unasaga, kilichopungua huongezi.

ChakiNaRula alijibu:

MkunjaBamba, ungekuja darasani kwangu siku moja tu ningefurahi mno. Ni kweli kabisa. 22/7 imezidi pai kwa 0.00126, na 3.14 imepungua kwa 0.00159.

Ukitaka sehemu nyepesi iliyo kali zaidi, chukua 355/113. Ni ya Zu Chongzhi, mwanahisabati wa China wa karne ya 5. Inatoa 3.1415929 wakati pai ni 3.1415927. Kwa duara lenye kipenyo cha kilomita nzima, kosa lake halifiki theluthi ya milimita. Kuikumbuka ni rahisi: andika 113355, ukate katikati, nusu ya kwanza iende chini.

HesabuChapchap alijibu:

Sawa mwalimu, umenivuta mpaka nimesoma yote. Basi nami niulize. Mzingo nimeuelewa, pai inahusu mzingo na kipenyo. Eneo je? Pai imefikaje kwenye πr² wakati hapo hakuna mzingo?

ChakiNaRula alijibu:

Mzingo upo, umefichwa. Chora duara kwenye karatasi, ulikate kama keki vipande 16 vilivyo sawa, vyote vikianzia kwenye kitovu. Vipange kwa safu: kimoja ncha juu, kinachofuata ncha chini, kimoja juu, kimoja chini, vikiingiliana kama meno. Utapata umbo linalokaribia mstatili, kingo zake za juu na chini zikiwa na mawimbi madogo. Kata vipande 32, mawimbi yanapungua. Kata 64, jicho halioni tena.

Mstatili huo una kimo gani? Ni urefu wa kipande kutoka ncha hadi ukingo, yaani r. Na upana wake? Nusu ya vipande ukingo wao uko chini, nusu uko juu, kwa hiyo upana ni nusu ya mzingo. Mzingo ni 2πr, nusu yake ni πr. Zidisha upana kwa kimo: πr × r. Ndiyo πr² yako.

Unaweza kuisoma πr² kwa maneno pia. Chora mraba ambao upande wake ni nusu kipenyo cha duara lako. Miraba minne ya namna hiyo, ikikutana kwenye kitovu, inalifunika duara lote na kuacha kona nje. Duara lenyewe lina eneo la miraba mitatu na kile kipande. Pai ileile.

SindanoNaMistari alijibu:

Mimi niko upande wa takwimu na nina jambo ambalo MsomiWaJioni atalipenda. Chora mistari iliyonyooka kwenye sakafu, ikiachana kwa umbali sawa. Chukua sindano ambayo urefu wake ni nusu ya umbali huo. Irushe ovyo ovyo mara nyingi sana, uhesabu ni mara ngapi imeangukia juu ya mstari. Gawanya idadi ya mirusho yote kwa idadi ya iliyogusa mstari. Kadiri unavyorusha zaidi, jibu linaelekea kwenye pai. Hili ni tatizo la Georges-Louis Leclerc, bwana wa Buffon, ambaye alichapisha suluhisho lake mwaka 1777.

Hakuna duara pale sakafuni. Lakini sindano inaanguka ikiwa imeelekea upande wowote, na pande zote hizo zikijumlishwa ni mzunguko mzima. Popote unapoona pai bila kuona duara, tafuta kitu kinachozunguka au kinachoelekea kila upande sawasawa. Sehemu nyingi utakipata.

Nakutahadharisha tu kwamba njia hii ni ya polepole mno. Hata baada ya mirusho elfu unaweza usiwe na uhakika hata wa tarakimu ya kwanza baada ya nukta. Uzi wa mwalimu unaishinda.

MsomiWaJioni alijibu:

Wakuu, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Sasa najiuliza, kama 355/113 inatosha hata kwa duara la kilomita, kwa nini watu bado wanatafuta tarakimu? Na hiyo herufi π nani aliianzisha?

ChakiNaRula alijibu:

Herufi ni ya William Jones, mwaka 1706, kisha Leonhard Euler akaitumia katika maandishi yake na wengine wakamfuata. Namba yenyewe ni ya kale mno kuliko herufi. Kwenye karatasi ya mafunjo ya Misri iliyonakiliwa na mwandishi Ahmes yapata mwaka 1650 kabla ya Kristo, eneo la duara linapatikana kwa kuchukua 8/9 ya kipenyo na kuikuza kwa kipeo cha pili. Fanya hesabu utaona ni sawa na kuichukua pai kama 3.1605.

Kuhusu tarakimu, kwa kazi za kupima hazihitajiki nyingi. Wahandisi wa NASA wanaoongoza vyombo kati ya sayari wanatumia 15 baada ya nukta: 3.141592653589793. Wanaotafuta zaidi ya hapo wanatafuta kwa sababu nyingine. Ludolph van Ceulen alifika tarakimu 35 kwa njia ya pembe, ileile ya Archimedes, akafa mwaka 1610, na tarakimu hizo zikachongwa kwenye jiwe la kaburi lake mjini Leiden. William Shanks alichapisha 707 mwaka 1873, zote kwa mkono. Miaka ya 1940 D. F. Ferguson akagundua kwamba kosa liliingia kwenye ya 528, na kila kilichofuata kilikuwa kimeharibika. Mimi namheshimu Shanks pamoja na kosa hilo. Tarakimu 527 sahihi kwa kalamu si mzaha.

Siku hizi ni kompyuta. Mwaka 2022 Emma Haruka Iwao wa Google alitangaza kwamba zimefikishwa trilioni 100. Kazi hiyo inaipima mashine na programu yake kwa ukali: jibu moja likiteleza popote, linaonekana. Na lipo swali la kweli ndani yake ambalo halijapata jibu. Kwenye tarakimu zilizohesabiwa, 0 hadi 9 zinaonekana kujitokeza kwa idadi karibu sawa. Je, itakuwa hivyo daima? Hakuna aliyethibitisha. Hata kwamba tarakimu 7 itaendelea kuonekana bila kukoma hakuna aliyelithibitisha.

HesabuChapchap alijibu:

Mwalimu, la mwisho kutoka kwangu. Ulisema duara lina umbo moja, ndiyo maana pai ni ileile. Ina maana hata nikichora duara juu ya mpira, nitapata 3.14?

ChakiNaRula alijibu:

Hapana, na nimefurahi umeuliza. Yote niliyoyaandika ni ya uso bapa, kama karatasi iliyolala mezani. Kwenye mpira mambo yanabadilika, na unaweza kuyaona kwa uzi uleule.

Bana ncha moja ya uzi juu kabisa ya mpira. Hicho ni kitovu. Lazia uzi juu ya ngozi ya mpira, ukivutika bila kuachana nayo, na kwa ncha ya pili uchore duara ukizunguka. Nusu kipenyo cha duara hilo ni urefu wa uzi, kwa kuwa tunapima juu ya uso, hatutoboi mpira. Chora kwanza duara dogo sana, uzi wa sentimita moja kwenye mpira mkubwa. Mzingo ukigawanya kwa kipenyo utapata karibu 3.14, kwa sababu kipande kidogo cha mpira ni karibu bapa. Sasa refusha uzi mpaka duara lako lifike katikati ya mpira, pale unapogawanyika nusu mbili. Uzi umefunika robo ya safari ya kuuzunguka mpira. Kipenyo ni uzi mara mbili, yaani nusu ya safari. Mzingo ni safari nzima. Uwiano wake ni 2 kamili.

Kati ya hizo mbili utapata kila namba iliyo kati ya pai na 2, kutegemea urefu wa uzi. Ile hoja ya kukuza picha mara tano haifanyi kazi hapo: ukilikuza duara juu ya mpira uleule, kipenyo kinakua haraka kuliko mzingo, kwa sababu uso unajipinda kuelekea chini. Jaribu na mpira wowote, upime nyuzi mbili za urefu tofauti, utuwekee hapa ulichopata.